Radhi Niliyokwenda Kuiomba Magogoni

Nyinyi mnaokaa nami barazani baada ya Alasiri mmeniuliza mara kadha: Maalim, begi lilikuwa limefungwa, ihramu zimekunjwa, wajukuu wameshakuaga, ilikuwaje ukabaki? Kwa mdomo nimejaribu kuwajibu, nikashindwa kufika mwisho. Basi nimeandika. Habari za ofisi na karatasi nimeziacha, hazina faida kwa mtu. Mwenye habari hii hasa ni msichana mtakayemjua mbele, na nilimwomba ruhusa kabla ya kushika kalamu. Akasema, "Andika. Mimi nimechoka kusitiriwa."

Mwaijua desturi yetu. Mtu aendaye Hija huzunguka kwa jamaa na majirani kuomba radhi, kwa kuwa hajui kama atarudi, na kwa kuwa haki ya mja haisamehe ila mja mwenyewe. Na mwajua tunavyoifanya. Tunasema, "Nisamehe kwa nilijualo na nisilolijua." Mwenzetu anajibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Chai inaletwa, tunakunywa, tunakwenda nyumba ya pili. Kwa wiki nzima nilizunguka Likoni hivyo, na kila nyumba nilitoka mwepesi zaidi. Yakabaki majina mawili tu, yote ya upande wa Kisauni.

Mtongwe hadi ng'ambo

Nilitoka Jumamosi asubuhi. Mke wangu, Bi Zuhura, aliniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamwambia Adhuhuri nitaswali hapa hapa Mtongwe.

"Ukiswali Adhuhuri hapa, mimi nitakupikia biriani," akasema. "Lakini nyama sinunui, maana nakujua."

Kivukoni feri moja ilikuwa imeharibika, na watu wamejaa mpaka nje ya lango. Nilikaa kwenye ukingo wa saruji, nikanunua viazi karai kwa mama mmoja aliyekuwa na karai lake pembeni. Alipoiona kanzu yangu akaacha kukoroga.

"Sheikh, nina mwanangu hataki shule. Asema ataka bodaboda. Nimfanyeje?"

Nikamjibu pale pale, kiazi mkononi. Nikamwambia amlazimishe shule, asimsikize, atamshukuru baadaye. Akanishukuru, akaniongezea viazi viwili na ukwaju. Lango likafunguliwa, nikaenda zangu. Nayataja haya kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mtu akiniuliza, jawabu hutoka kabla hajamaliza swali, nami nikiona ndiyo baraka ya elimu niliyopewa.

Kongowea

Wa kwanza alikuwa Kazungu, Mgiriama wa Ganze, mtu wa kanisa, ambaye zamani alikuwa jirani yetu Likoni. Wakati ule alikuwa hamali, akisukuma mkokoteni. Siku hizi ana meza yake ya vitunguu katika soko la Kongowea. Kumfikia ilinichukua karibu saa nzima, kwani lori la viazi lililotoka bara lilikuwa limekwama njiani, na wasukumaji wa mikokoteni walikuwa wakipita ubavuni mwangu wakisema, "Njia, mzee, njia. Kanzu hiyo haitarudi nyeupe."

Kazungu alinikalisha juu ya gunia. Nikasema maneno yangu: nisamehe kwa nilijualo na nisilolijua.

"Nikusamehe nini sasa?" akauliza.

"Chochote."

"Sisi hatuna hiyo ya chochote, Maalim. Mtu asema kosa, asamehewa kosa." Akafikiri, kisha akaanza kucheka. "Ngoja, liko moja. Wakumbuka nilikuja kwako kukuuliza, nibaki na mkokoteni mjini au nirudi shamba? Ukaniambia nirudi shamba, mjini kutaniua."

Sikukumbuka. Nilimwambia hivyo.

"Ulisema vizuri sana, hata nikakushukuru. Nikatoka mlangoni kwako moja kwa moja nikaja hapa kukodi meza." Wenzake wa meza za jirani walikuwa wanasikiliza. "Ningekusikiza, Maalim, leo ningekuwa kule nafukuza nyani kwenye mahindi."

Wakacheka wote, nami nikacheka. Alinifungia vitunguu kwenye mfuko, akaniambia amenisamehe shamba lote pamoja na nyani. Lakini nilipokuwa natafuta tuktuk ya kwenda Magogoni niliona kicheko kimenikauka. Mtu alikuja kwangu na maisha yake mkononi, nikamwambia neno, na mimi neno lenyewe silikumbuki. Nikajiuliza ni mangapi mengine.

Magogoni

Wa pili alikuwa Bi Mwanahamisi. Yeye na mumewe, marehemu Bakari, waliishi Mtongwe miaka mingi kabla ya kuhamia Magogoni. Walikuwa watu wa heri. Nilijua wana binti mmoja, Saumu. Miaka mitatu nyuma nilialikwa arusi ya huyo binti, nikawa mgonjwa, sikwenda. Baadaye nikaambiwa arusi imeahirishwa. Nikasema inshallah kheri, sikuuliza zaidi.

Nilipiga hodi. Bi Mwanahamisi alifungua, akaniona nimesimama na kanzu na bakora, akashika mwimo wa mlango. Rangi ilimtoka usoni.

"Ni Saumu?" akasema. "Niambie tu, Maalim. Amekufa?"

Nilishtuka hata nikasahau salamu. Nikamwambia la, sijaleta msiba, nimekuja kumuaga, nakwenda Hija. Alikaa chini kwenye kizingiti akipumua kama mtu aliyetoka mbio. Nikamuuliza, kwani Saumu yuko wapi? Akasema, "Ingia kwanza, Maalim. Umetoka mbali."

Akanitengea mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Nilikula huku yeye amekaa mkabala nami. Nilipomaliza nikanawa, nikasema maneno yangu yale.

Akanitazama. "Kwa lipi, Maalim?"

"Kwa nilijualo na nisilolijua."

"Hili walijua. Saumu alipokuwa na miaka saba nilikuja kwako. Nilikuja na Bakari. Wakumbuka tulilokuuliza?"

Nikasema sikumbuki.

"Tulikuuliza, mtoto huyu si wetu wa kumzaa, tumwambie au tusimwambie?"

Hapo nilianza kukumbuka, kidogo kidogo. Mama yake Saumu alikufa kwa uzazi. Babake, fundi seremala pale Mtongwe, alikuwa kijana, hana mtu wa kumlelea mtoto mchanga, akampa Bi Mwanahamisi na Bakari ambao Mungu hakuwajaalia. Walimlea kama wao, wakamwita kwa jina la Bakari, wakahama. Na siku walipokuja kuniuliza, niliona machozi ya yule mama, nikaingiwa na huruma. Nikawaambia wasitiri. Nikawaambia mtoto asifanywe yatima wakati ana wazazi wawili wanaompenda.

"Ulisema hivyo," akasema Bi Mwanahamisi. "Bakari alikuwa na wasiwasi. Mimi nikamwambia, Maalim amesema, na Maalim ndiye ajuaye dini. Tukanyamaza. Ikafika siku ya nikahi."

Akanieleza. Wanaume wako msikitini, mkono wa Bakari umo ndani ya mkono wa bwana arusi, sheikh anataka kuanza kutamkisha. Ndugu yake Bakari akasimama. Alikuwa amemwambia Bakari faraghani mara mbili, hakusikizwa, akaogopa ndoa isiwe haramu na yeye ni shahidi. Akasema mbele ya watu wote kwamba huyu si baba wa damu wa biarusi, hawezi kuwa walii wake. Sheikh akamuuliza Bakari. Bakari akashindwa kusema uongo msikitini.

"Nyumbani sufuria ziko motoni," akasema. "Saumu amekaa, hina imemkauka mikononi, wanawake wanaimba. Habari ikaja kwa simu kabla hata mwanamume mmoja hajarudi. Aliyeisoma aliisoma kwa sauti. Saumu akanitazama, akaniuliza, 'Mama, ni kweli?' Mpaka leo hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu."

Ndugu zangu, nimesomesha hukumu za nikahi zaidi ya miaka thelathini. Kila mwanafunzi wangu ajua kwamba msichana huozwa na babake wa damu, au akikosekana, jamaa wa babake, au kadhi. Na kabla ya hayo yote ajua kwamba mtoto wa kulea huitwa kwa jina la babake aliyemzaa. Niliyajua hayo siku ile. Niliyajua nikayaweka kando, kwa sababu jawabu la huruma lilikuwa tamu zaidi mdomoni, na kwa sababu watu walitoka kwangu wamefurahi.

Nikasema, "Bi Mwanahamisi, nimekosa. Nipe radhi."

"Chai ninayo, Maalim," akasema. "Radhi sina. Si kwamba nakunyima. Mimi ni mwenye kosa kama wewe. Mwenye radhi ni Saumu, nami hata simu yangu hapokei."

Akaniambia Saumu yuko Chaani, upande wa Changamwe, anashona mapazia, karibu na kituo cha maji. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi. Nilipokuwa naondoka akanifungia mahamri sita kwenye kitambaa.

"Mpe," akasema. "Usimwambie yametoka kwangu. Atajua mwenyewe kwa iliki."

Nilimpigia Bi Zuhura kumwambia siji Adhuhuri. Akasema hakununua nyama.

Chaani

Karibu na Changamwe malori ya makontena yalikuwa yamepanga foleni isiyo na mwisho, na dereva wa tuktuk akaniambia, "Mzee wangu, kwa miguu utafika leo. Nami, pengine kesho." Nikashuka. Nilipotea mara mbili. Kijana mmoja alinipeleka kwenye kituo cha maji kisichokuwa chenyewe, mwenye duka la chumvi na sabuni akanirudisha, akanipa maji ya kunywa na kiti cha kupumzika, asitake kujua nakwenda kwa nani. Alhamdulillah, mahali pote nilipokwama palikuwa na mtu.

Nilifika baada ya Alasiri. Ni nyumba ya vyumba vingi yenye ua mmoja, na cherehani inasikika ndani. Mama wa mlango wa kwanza akaita, "Saumu, una mgeni."

"Abee," akaitika. Nilipoisikia ile sauti ya adabu, malezi ya Bi Mwanahamisi, moyo uliniuma.

Akatoka, utepe wa kupimia shingoni. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwambia mimi ni nani.

Hakuniambia karibu. "Wewe ndiye Maalim wa Mtongwe. Siku ile baba Bakari aliwaambia watu, 'Maalim alituambia tusitiri.' Nikataka kukuona uso wako ukoje. Kumbe ni mzee tu."

"Ni mzee tu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Babangu ni nani?"

Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na kabla sijaomba nikaulizwa hilo. Nilidhani alikwisha kuambiwa na mtu. Kumbe hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa Bakari amekwisha kufa, na Bi Mwanahamisi hasemi naye. Nikamwambia, "Salim. Fundi seremala wa Mtongwe."

"Yu hai?"

"La. Nilimzika mimi. Mwaka mmoja kabla ya arusi yako."

Alifikiri. "Mwaka huo nilikuwa nashona kwa Mhindi mjini. Kila Jumamosi nilivuka feri kwenda Likoni kupeleka kazi." Akasema hivyo kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Mtongwe nimefika. Nimepita pale, Maalim. Karakana ya seremala iko karibu na msikiti?"

"Iko karibu na msikiti."

Akachukua kitambaa cha mahamri mkononi mwangu, akakinusa, akaingia ndani. Nikasikia komeo. Hakulivurumisha, alilisukuma taratibu, na kwangu hilo lilikuwa zito zaidi.

Nilikwenda kuswali Magharibi msikiti wa jirani. Miguu ilikuwa imekwisha. Imamu wa pale, mtu nisiyemjua, alinipa mkeka na wali kwa samaki wa kupaka kutoka nyumbani kwake, akaniambia nilale hapo mpaka kupambazuke.

Na humo ndimo nilipokumbuka lililobaki. Salim naye aliwahi kuja kwangu. Saumu alikuwa na miaka kama kumi. Salim alikuwa ameoa tena, amepata mtoto wa kiume, maisha yametulia. Aliniuliza, "Maalim, yule mtoto wangu wa Magogoni, naweza kwenda kumtazama?" Nikamwambia asimvuruge mtoto, akae mbali, amwombee dua. Akasema, "Sawa, Maalim," akarudi kwenye randa yake. Akaswali nyuma yangu miaka yote iliyobaki, safu ya pili, upande wa kulia, na hakuniuliza tena.

Barabara ya Dongo Kundu

Baada ya Alfajiri, jua limeshatoka, nilikuta Saumu amekaa kwenye ngazi za msikiti, buibui limevaliwa vizuri, mkoba mapajani.

"Mahamri nimeyala yote," akasema. "Aliacha jamaa, huyo Salim?"

"Aliacha kijana mmoja, Juma. Ndiye aliyerithi karakana."

"Twende."

Tulikodi gari, tukapita njia mpya ya Dongo Kundu, inayozunguka nyuma ya bandari hadi upande wetu bila kuvuka feri. Nilimhesabia kila nilichokumbuka juu ya babake: kwamba alikuwa mrefu, kwamba alikuwa mcheshi, kwamba mimbari ya msikiti wetu ni kazi ya mikono yake. Alisikiliza akitazama nje. Nikaona siwezi kufika Mtongwe na lile moja ndani ya kifua. Nikamwambia Salim alitaka kuja kumwona, nami nikamzuia.

"Simamisha gari," akamwambia dereva.

Akashuka. Alisimama kando ya daraja akiipa barabara mgongo, mikono juu ya chuma, na mikoko iko chini kule. Dereva akaniuliza kwa sauti ndogo kama tumemuudhi binti. Nikamwambia ndiyo. Alipanda tena baada ya muda, akafunga mlango.

"Kuna lingine?"

"Hakuna. Hilo ndilo la mwisho."

"Basi twende."

Karakana

Juma ana miaka ishirini na kitu. Nilimsomesha madrasa. Alikuwa anapiga randa mlango, na aliponiona akacheka.

"Maalim, umekuja kutuaga? Nishakusamehe zile bakora zako zote, isipokuwa moja, na hiyo waijua."

Nikasema, "Juma, sikuja kuaga. Huyu ni dadako. Baba mmoja."

Nilitazamia ashangae. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumweleza, tangu mama wa kwanza hadi Magogoni. Juma aliweka randa chini, akapangusa mikono kwenye suruali. Akamtazama Saumu.

"Saumu," akasema.

Alilijua jina.

"Baba alituambia kabla ya kufa, mimi na mama," akaniambia mimi, lakini macho yakiwa kwa dadake. "Akasema yuko Kisauni, analelewa kwa uzuri, na Maalim amekataza tusimwendee. Baba alipokufa mama akasema, tungojee. Maalim mwenyewe yupo, siku akiona inafaa atatwambia. Kila Ijumaa nikikupa mkono nikidhani leo utasema."

Nimeishi miaka sabini na mbili na sikumbuki neno lililonipiga vile. Watu hawa walinitii. Bi Mwanahamisi na Bakari, Salim, mama Juma, Juma, nyumba mbili pande mbili za maji, wote walikaa kimya miaka na miaka wakingoja ruhusa ya mtu aliyekwisha kusahau kwamba aliwahi kukataza. Kama kuna nililojifunza, ni kwamba sasa mtu akija na shauri lake namuuliza kwanza, jambo hili ni la nani mwingine, na huyo naye ameulizwa?

Mama Juma akatoka nyuma na unga wa chapati mikononi. Akasimama, kisha akamshika Saumu uso kwa mikono ile ile yenye unga, na Saumu akamwacha. Wakaingia ndani. Nilikaa nje juu ya mbao, nikasikia Juma anamuuliza kama huko Chaani wanakula pilipili, na sauti ya Saumu ikijibu kitu, na wote wakicheka.

Alipotoka, jua lilikuwa juu. Uso bado una unga shavuni.

"Maalim."

"Naam, mwanangu."

"Juma asema safari yako ni Jumanne. Na kwamba ulikuja Chaani kwa ajili ya radhi."

"Ndiyo."

"Sijakupa."

"Najua."

"Nimetafuta ndani yangu tangu jana, siioni. Sitaki kukuambia ipo ili uende." Akajipangusa unga, akautazama kwenye vidole. "Pengine itachukua muda. Pengine kwanza niende kwa mama."

Nikamwambia asijilazimishe, aanze huko Magogoni, na kwamba pale Mtongwe yeyote atamwonyesha nyumba yangu. Nikarudi kwa Bi Zuhura, nikalifungua begi, nikazirudisha ihramu kabatini. Kundi la Hija likaondoka Jumanne. Mimi nipo hapa, nangoja, alhamdulillah.